Jinsi ya kukagua ruhusa za programu kwenye simu yako, hatua kwa hatua

Mwezi haupiti bila mtu kuniletea simu na kuniuliza moja ya maswali matatu. La kwanza: kwa nini programu ya tochi inataka kujua nilipo? La pili: kwa nini mkopeshaji wa mtandaoni amempigia baba mkwe wangu na kumweleza deni langu? La tatu: je, nikikataa ruhusa, simu itaharibika? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, na kwa kuwa majibu ya mdomo husahaulika kabla mtu hajafika nyumbani, nimeona heri niyaandike ili uweze kuyafuata taratibu ukiwa na simu yako mkononi.

Kabla ya yote elewa jambo moja, kwa sababu ndilo lililopanga mfuatano wa hatua zote. Ruhusa unaweza kuiondoa wakati wowote upendao, lakini taarifa iliyokwisha kutoka kwenye simu huwezi kuirudisha. Programu iliyopewa orodha yako ya majina kwa dakika tano tu inaweza kuwa imekwisha kuinakili yote na kuihifadhi kwenye kompyuta za kampuni usiyoijua ilipo, na hapo hata ukiifuta programu hiyo leo, nakala inabaki huko. Kwa hiyo tunaanza na ruhusa zinazovujisha mambo yasiyorudi, kisha ndipo tunakwenda kwenye zile nyepesi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tenga muda wa saa moja usiyo na haraka, na simu iwe na chaji ya kutosha. Uwe na bando kidogo, kwa kuwa baadhi ya hatua hufunguka kwenye intaneti. Uwe na nenosiri la akaunti ya Google iliyo kwenye simu. Kama hulijui, usisogee mbele, soma kwanza hatua ya 1. Mwisho, chukua karatasi na kalamu. Najua inaonekana ni mambo ya kale, lakini ukibadilisha ruhusa kumi na tano halafu programu moja ikagoma, utafurahi kuwa uliandika ulichogusa.

Mwongozo huu unahusu zaidi simu za Android, kwa kuwa ndizo ninazoletewa karibu kila siku. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya Tecno, Infinix, itel, Samsung na Xiaomi, kwa hiyo usikwame pale jina nililoandika lisipofanana na la kwako. Juu ya ukurasa wa Mipangilio kuna alama ya kioo cha kutafutia. Andika hapo neno unalolitafuta, kwa mfano "ruhusa", na simu itakuonyesha mahali penyewe. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, alama za picha ni zile zile: kamera ni kamera, na maikrofoni ni maikrofoni.

Maelezo mafupi ya namna ruhusa zinavyofanya kazi

Hadi Android 6 ilipotoka mwaka 2015, mtu alipoweka programu alikubali mambo yote kwa pamoja au aliiacha. Tangu hapo, programu hulazimika kuomba ruhusa nyeti moja moja, na mwenye simu anaweza kukubali hii na kukataa ile. Hilo ndilo jibu la swali la tatu hapo juu: kukataa ni haki iliyojengwa ndani ya mfumo wenyewe, na simu haiharibiki. Kinachoweza kutokea ni kipengele kimoja cha programu moja kusimama, na ukiirudisha ruhusa kitaendelea palipoishia.

Hatua ya 1: Hakikisha akaunti iliyo kwenye simu ni yako

Hatua hii haimo katika miongozo mingi niliyoiona, ilhali kwetu ndiyo inayoleta madhara makubwa kuliko zote. Watu wengi hununua simu dukani, na muuzaji au fundi huwafungulia akaunti ya Google papo hapo ili simu ianze kazi. Mara nyingine hutumia akaunti yake mwenyewe, na mara nyingine hufungua mpya ila nenosiri analijua yeye peke yake. Majina unayohifadhi kwenye simu hiyo, na picha pia ikiwa uhifadhi wa mtandaoni umewashwa, huenda kwenye akaunti hiyo. Fundi anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini hata akiwa mwema hana sababu ya kuwa na picha za watoto wako.

Fungua Mipangilio, kisha ingia sehemu ya Akaunti, utazame barua pepe iliyoandikwa hapo. Ukikuta usiyoitambua, fanya hivi kwa mfuatano huu. Kwanza, nakili majina yako: fungua programu ya majina, tafuta sehemu ya kuhamisha, na uyahifadhi kama faili kwenye kadi ya kumbukumbu. Pili, fungua akaunti mpya ya Google kwa namba yako mwenyewe, na nenosiri liandike mahali utakapolipata. Tatu, ingiza yale majina kwenye akaunti mpya na uyahakiki kuwa yametimia. Nne, ndipo uiondoe ile ya zamani.

Angalizo: usianze kwa kuiondoa akaunti ya zamani. Nimeshuhudia mama mmoja akipoteza namba zote za wateja wake wa vitenge kwa sababu kijana wake alianza na hatua ya nne. Na usiifute simu yote kwa kuirejesha katika hali ya kiwandani wakati nenosiri la akaunti hiyo hulijui, kwa maana simu ikifutwa kwa njia isiyo ya kawaida inaweza kukudai nenosiri hilo hilo kabla ya kufunguka tena.

Hatua ya 2: Fahamu toleo la Android ulilonalo

Nenda Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome namba ya toleo na uiandike kwenye karatasi. Android 10 ndiyo iliyoleta uwezo wa kuruhusu mahali ulipo wakati programu inatumika tu. Android 11 iliongeza chaguo la kuruhusu mara moja tu, pamoja na utaratibu wa kuziondolea ruhusa programu zilizokaa miezi kadhaa bila kufunguliwa. Android 12 ilileta nukta ya kijani inayowaka juu ya kioo pale kamera au maikrofoni inapotumika, pamoja na dashibodi ya faragha, yaani ukurasa unaoonyesha programu zipi zilitumia ruhusa gani na saa ngapi. Android 13 ilianza kuzitaka programu ziombe ruhusa hata ya kukutumia arifa, na Android 14 ikakuwezesha kutoa picha chache ulizozichagua badala ya picha zote.

Kama simu yako iko chini ya toleo la 10, hatua nyingi zinazofuata bado zinafaa, ila utakuwa na chaguo mbili tu, kuruhusu au kukataa. Katika simu ya namna hiyo ushauri wangu ni kupunguza programu za fedha na kutumia menyu za namba: kwa M-Pesa ni *150*00# Tanzania na *334# Kenya. Menyu hizo haziombi ruhusa yoyote kwenye simu yako, na hazihitaji bando.

Hatua ya 3: Ondoa programu usizozitumia

Fungua orodha ya programu zote, uipitie kuanzia juu hadi chini. Programu ambayo hukuifungua tangu mfungo uliopita, iondoe. Usiihurumie kwa kuwa ni ndogo.

Kumbuka, hata hivyo, kwamba kuiondoa programu si kuifunga akaunti uliyoifungua ndani yake. Kama uliwahi kujisajili kwa jina, namba ya simu na picha ya kitambulisho, ingia kwanza ndani ya programu utafute sehemu ya kufuta akaunti. Google sasa inazitaka programu zinazomfungulia mtumiaji akaunti zimpe pia njia ya kuifuta, kwa hiyo sehemu hiyo inapaswa kuwepo, hata kama imefichwa chini kabisa ya menyu. Ukishapata uthibitisho wa kufutwa, ndipo uiondoe programu yenyewe.

Hatua ya 4: Kagua ruhusa moja moja

Rudi Mipangilio, ingia sehemu ya Faragha, na ufungue Kidhibiti cha ruhusa. Hapa watu wengi hukosea kwa kuanza na programu, wakifungua moja baada ya nyingine hadi wanachoka wakiwa kwenye herufi ya F. Njia nyepesi ni kuanza na ruhusa: ukigusa SMS, simu itakuonyesha programu zote zenye uwezo wa kusoma ujumbe wako, na mara nyingi hazizidi sita. Fuata mpangilio huu.

*SMS.* Anza na hii, kwa sababu katika nchi zetu ujumbe mfupi ni daftari la fedha. Mtu akisoma SMS zako za M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas atajua salio lako, siku unayopokea mshahara, jina la mwenye nyumba unayemlipa kodi, kiasi unachomtumia mama kijijini, na namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki. Hiyo ndiyo sababu programu za mikopo huipenda sana ruhusa hii: historia ya miamala huonyesha kama utaweza kulipa. Google ilianza kuibana ruhusa ya SMS mwaka 2019, lakini ilibakiza vighairi kwa ajili ya baadhi ya kazi, zikiwemo za fedha, kwa hiyo usidhani kuwa mtu mwingine ameshakukagulia.

Inayohitaji ruhusa hii kwa kweli ni programu yako ya kutuma na kusoma ujumbe. Nyingine zote ziondolee. Utasema kwamba programu ya benki inahitaji kusoma ile namba ya siri. Haihitaji, kwa kuwa unaweza kuiandika kwa mkono, na pia Android ina njia ya kuipatia programu ujumbe ule mmoja bila kuifungulia SMS zote.

*Majina.* Hapa kuna jambo ambalo watu hawalifikirii mpaka limewafika. Orodha ya majina kwenye simu yako si mali yako peke yako. Namba ya daktari, ya mwalimu wa mtoto, ya shangazi aliye Muscat, zote zilitolewa na wenyewe ili wewe uwapigie, hawakuzitoa kwa kampuni ya michezo ya simu. Halafu tazama tunavyoandika majina yenyewe: "Baba Mkwe", "Bosi", "Mama Asha Deni", "Dokta wa Presha". Mwenye kuisoma orodha hiyo hahitaji mpelelezi ili kujua nani akimpigia utaona aibu zaidi.

Swali la mkopeshaji na baba mkwe lina jibu lake hapa. Tangu tarehe 31 Mei 2023 sera ya Google Play inazikataza programu za mikopo binafsi kufikia majina na picha za mtumiaji. Kwa hiyo ukiona programu ya mkopo inadai orodha ya majina, ama imetoka nje ya duka la Google, ama inavunja masharti ya duka hilo. Kwa vyovyote vile, achana nayo.

WhatsApp bila majina hufanya kazi, isipokuwa utaona namba badala ya majina, na kuanzisha mazungumzo mapya kutakusumbua kidogo. Wengi huamua kuiachia, nami siwalaumu. Lakini kibodi ya urembo, programu ya kusafisha simu na mchezo wa kupanga matofali havina hoja yoyote ya kujua namba ya shangazi.

*Rekodi za simu.* Nani ulimpigia, saa ngapi, mliongea muda gani. Iachie programu ya kupigia simu tu.

*Mahali ulipo.* Hapa una chaguo tatu au nne. Chaguo la kuruhusu wakati wote usilitoe isipokuwa kwa kazi unayoijua, kama vile familia iliyokubaliana kufuatiliana safarini. Programu ya teksi au bodaboda ipe ruhusa wakati inatumika tu. Programu ya hali ya hewa inyime usahihi: kuanzia Android 12 kuna kitufe cha kuonyesha mahali kwa kukadiria, ambapo programu hujua eneo la takriban kilomita 3 za mraba badala ya mlango wa nyumba yako, na mvua ya Magomeni haibagui milango. Tochi na kikokotoo visipewe kitu.

Kuhusu tochi, kisa chake ni cha kweli na cha zamani. Desemba 2013 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na mtengenezaji wa programu iitwayo Brightest Flashlight, iliyokuwa imepakuliwa mara makumi ya mamilioni. Programu hiyo ilikuwa ikituma mahali alipo mtumiaji pamoja na utambulisho wa simu yake kwa mitandao ya matangazo, tena ilianza kutuma hata kabla mtumiaji hajakubali masharti. Siku hizi simu zina tochi yake ndani ya menyu ya kuvuta kutoka juu, kwa hiyo huna haja kabisa ya programu ya tochi.

*Kamera na maikrofoni.* Acha kwa programu za kupiga picha, za simu za video na za kurekodi, tena wakati zinapotumika tu. Ukiona nukta ya kijani imewaka na wewe hupigi picha wala huongei, vuta menyu ya juu na uiguse. Itakutajia programu inayohusika.

*Picha na faili.* Katika Android 14 na kuendelea chagua picha moja moja. Pia fungua mipangilio ya kamera yako na uzime kipengele cha kuhifadhi mahali picha ilipopigwa, kwa sababu picha ya mtoto iliyopigwa sebuleni inaweza kubeba ndani yake kipimo cha mahali nyumba yako ilipo. WhatsApp huondoa taarifa hizo unapotuma picha kwa njia ya kawaida, ila ukiituma kama hati, zinakwenda nayo.

Angalizo la hatua hii yote: usiziondolee ruhusa programu za mfumo, hasa Huduma za Google Play, programu ya Simu na ile ya ujumbe. Simu itakuonya kuwa ukiikataa ruhusa hiyo huenda mambo mengine yasifanye kazi ipasavyo. Kwa programu za mfumo, litii onyo hilo. Kwa programu uliyoiweka mwenyewe, lipuuze.

Hatua ya 5: Tazama ruhusa maalum, ambazo hazimo kwenye orodha ya kawaida

Watu humaliza hatua ya 4 wakadhani kazi imekwisha, kumbe mlango mkubwa uko nyuma ya nyumba. Ndani ya Mipangilio, kwenye sehemu ya Programu, kuna ufikiaji maalum wa programu. Fungua na utazame nani ana uwezo wa kusoma arifa zako, wa kuonekana juu ya programu nyingine, wa kufikia faili zote, na wa kuweka programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Anayesoma arifa husoma pia kipande cha SMS kinachojitokeza juu ya kioo, hata kama umemnyima ruhusa ya SMS yenyewe.

Kisha ingia sehemu ya Ufikivu. Huduma hizi zilibuniwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu: msomaji wa skrini kwa asiyeona, kwa mfano, lazima aweze kusoma kila kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba ya mwenye simu. Uwezo huo huo ukiangukia mikononi mwa mwizi, anaweza kusoma namba yako ya siri unapoiandika na kuthibitisha muamala huku wewe unaangalia ukurasa wa uongo. Programu nyingi za wizi wa benki hupitia hapa. Kama ndani ya nyumba hakuna anayetumia msaada huo, orodha ya huduma zilizopakuliwa inapaswa kuwa tupu, au ibaki na kitu ambacho unaweza kueleza bila kusitasita kwa nini kipo.

Ukikuta usichokijua, zima kwanza, kisha uiondoe programu yenyewe. Mara nyingi ni programu iliyotumwa kwa WhatsApp au Telegram kama faili: ile ya kuangalia mpira bure, ya kufungua bando, au zile WhatsApp zilizobadilishwa zenye rangi na uwezo wa kusoma ujumbe uliofutwa. Kuanzia Android 13 mfumo huzizuia programu za namna hii zisipate Ufikivu kwa urahisi, ndiyo maana wanaozisambaza hukupa maelekezo marefu ya kuondoa kizuizi hicho. Maelekezo yenyewe ni ushahidi tosha.

Hatua ya 6: Futa kitambulisho cha matangazo

Ingia Mipangilio, kisha Google, kisha Matangazo, na uchague kukifuta kitambulisho cha matangazo. Namba hiyo huwawezesha watangazaji kuunganisha unachofanya kwenye programu moja na unachofanya kwenye nyingine. Matangazo hayatapungua, ila yatakujua kidogo zaidi ya mpita njia. Wenye iPhone wafungue sehemu ya faragha, waingie kwenye ufuatiliaji, na wazime kitufe kinachoziruhusu programu kuomba kuwafuatilia. Kipengele hicho kilianza kuwabana watangazaji na toleo la iOS 14.5 mwaka 2021.

Hatua ya 7: Unapoweka programu mpya

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuweka, shuka chini kwenye ukurasa wake ndani ya Google Play usome sehemu ya Usalama wa data. Isome kwa tahadhari, kwa kuwa maelezo hayo huandikwa na mtengenezaji mwenyewe. Kisha jiulize kazi ya programu hii ni ipi, na kazi hiyo inahitaji nini. Baada ya kuiweka, kataa kila inachoomba mwanzoni, halafu utoe ruhusa pale tu unapobonyeza kitu kinachoihitaji. Programu ya kuskani hati ikiomba kamera wakati unaskani hati, ipe. Ikiomba majina wakati inafunguka tu, inyime.

Kwa programu ya mkopo fanya la ziada: hakikisha mkopeshaji ana leseni. Kenya wakopeshaji wa kidijitali wako chini ya kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022, ambazo zinawakataza kutumia orodha ya majina ya mteja kuwatumia watu ujumbe pale anapochelewa kulipa. Tanzania, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Tazama orodha hizo kabla ya kukopa, kwani baada ya kukopa hazitakusaidia sana.

Hatua ya 8: Rudia

Weka siku moja kila mwezi, labda siku unayolipa umeme, na ufungue dashibodi ya faragha. Itakuonyesha programu zilizotumia mahali, kamera na maikrofoni kwa muda uliopita na saa zilizofanya hivyo. Programu iliyotumia mahali ulipo saa tisa usiku huku wewe umelala ina la kujibu.

Matatizo yanayojitokeza

*Programu inakataa kufunguka mpaka niipe ruhusa.* Kama ruhusa inaendana na kazi yake, chagua mara moja tu. Kama haiendani, tafuta programu nyingine ya kazi ile ile, au tumia tovuti yake kupitia kivinjari, ambacho hakiwezi kufikia SMS wala rekodi zako za simu.

*Nilikataa, sasa nataka kuruhusu lakini haiulizi tena.* Kuanzia Android 11, ukikataa mara mbili mfumo huhesabu kuwa hutaki kuulizwa. Bonyeza alama ya programu kwa kuishikilia, fungua taarifa zake, ingia Ruhusa na uiwashe kwa mkono.

*Programu haifutiki, kitufe kimefifia.* Huenda imejifanya msimamizi wa kifaa, yaani imepewa mamlaka ya ziada juu ya simu. Nenda Mipangilio, sehemu ya Usalama, tafuta wasimamizi wa kifaa na uiondolee usimamizi, kisha ujaribu tena. Kama ukurasa unajifunga kila unapoufungua, washa simu katika hali salama: kwenye simu nyingi unashikilia kitufe cha kuzima, kisha unabonyeza kwa kushikilia neno Zima linapotokea. Katika hali hiyo programu ulizoziweka hazifanyi kazi, na utaweza kuiondoa. Kama kwenye simu hiyo kuna programu ya benki, badilisha namba ya siri ukitumia simu nyingine iliyo salama.

*Nimezungumza kuhusu magodoro, na tangazo la magodoro limetokea. Simu inanisikiliza?* Tazama dashibodi kuona nani alitumia maikrofoni saa hiyo. Mara nyingi utakuta hakuna. Kilichotokea huwa ni kwamba ulipita duka la magodoro huku mahali pako pakijulikana, au mwenzako mnayetumia intaneti moja aliyatafuta. Hilo si jambo la kufariji sana, lakini tiba yake iko katika hatua ya 4 na ya 6.

*Niliweka programu ya kusafisha na kulinda faragha, sasa simu imejaa matangazo.* Iondoe. Programu ya kulinda faragha inayoomba ruhusa zote ni mlinzi anayedai funguo za kabati.

*Mkopeshaji ameshawapigia watu wangu.* Kuiondoa programu sasa hakutafuta nakala aliyonayo, lakini kunamzuia asichukue majina mapya, kwa hiyo anza na hilo baada ya kupiga picha za skrini za mkataba, tarehe na kiasi. Waombe waliopigiwa wakutumie picha za ujumbe na namba zilizotumika, na uwaeleze kwa ufupi kilichotokea kabla hawajakisikia kwa namna nyingine. Kisha mwandikie mkopeshaji ukimtaka afute taarifa za watu wasiohusika na mkopo, na utunze barua hiyo. Deni lako linabaki palepale, ila kudhalilishwa si njia halali ya kulidai.

Kwa Kenya peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya mwaka 2019 inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizika ndani ya siku 90. Ofisi hiyo si ya jina tu: Septemba 2023 iliitoza kampuni moja ya mikopo ya mtandaoni faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa wengine na kuwatumia jumbe za vitisho. Kwa Tanzania kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na malalamiko kuhusu leseni hupelekwa Benki Kuu. Baba mkwe naye anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa namba iliyotumika ni yake na hakuwahi kukubaliana na mtu yeyote kuhusu mkopo huo.